Balance ni Sahani Mbili

Hotuba kwa wakulima wa korosho, makarani wa vyama vya msingi na wanafunzi wa sekondari, Newala, mkoani Mtwara, wiki chache kabla ya ghala kufunguliwa

Wazee wangu, shikamooni. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Mama zangu mliokuja na watoto mgongoni, karibuni mbele huku kwenye kivuli. Vijana wa sekondari, hamjambo.

Nimefundisha Kiingereza kwa miaka mingi, na leo nimeombwa niseme juu ya neno moja tu la Kiingereza. Mwenyekiti aliponiambia nichague lolote, sikuchukua hata dakika. Neno lenyewe ni "balance". Mnalijua. Liko kwenye simu zenu, kwenye karatasi za benki, kwenye vitabu vya chama, kwa fundi wa matairi, na kwenye daftari la kemia la huyu binti aliyekaa pale. Nimelichagua kwa sababu neno hili liliwahi kumuumiza mtu wa nyumbani kwetu, nami ndiye niliyemtafsiria.

Naanza na kisa hicho, mengine yatafuata.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na mikorosho ya kutosha upande wa bondeni. Mwaka mmoja alikopa pembejeo na fedha taslimu kidogo kwa mkopeshaji ambaye sitamtaja. Msimu ulipoisha akaletewa karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza mwanzo mpaka mwisho. Akaipiga muhuri wa macho, akaikunja, akatembea mpaka kwangu. "Njomba," akaniambia, "wewe ndiye mwenye lugha yao. Hapa chini wameandika nini?" Nikatazama. Mstari wa mwisho ulisema "balance", na mbele yake shilingi 486,000. Nilikuwa na haraka ya kwenda kusahihisha mitihani. Nikamjibu neno moja: "Salio, mjomba."

Akafurahi sana. Kwake salio ni kile kinachosalia mfukoni baada ya matumizi. Akarudi nyumbani, akaongea na fundi, akachukua mabati kwa ahadi ya kulipa wiki ijayo. Wiki ijayo alipokwenda kuchukua fedha zake akaambiwa kwamba zile 486,000 ndizo anazodaiwa. Mabati yalikwisha pigiliwa. Mjomba aliuza mbuzi wanne na shamba dogo la mihogo ili asionekane tapeli mbele ya fundi. Hakunilaumu hata siku moja, mpaka anaingia kaburini. Mimi tafsiri yangu ilikuwa sahihi kwa kamusi, na ilimtia hasara.

Tangu siku hiyo nimelichimba neno hili mpaka mizizi. Naomba niwaonyeshe nilichokuta.

Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, na Wafaransa walilitoa kwenye Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Kwa Kilatini lilikuwa "bilanx". "Bi" ni mbili. "Lanx" ni sahani. Basi "balance" kwa asili yake ni sahani mbili: ile mizani ya zamani yenye mti wa katikati, sahani huku na sahani kule, zimening'inia kwa kamba au mnyororo. Upande huu unaweka jiwe la kupimia, upande ule unaweka bidhaa, na unaongeza kidogo kidogo mpaka mti ulale sawa. Wazee mliofika maduka ya zamani ya Mikindani na Lindi mjini mmeiona mizani hiyo ikipima sukari na chumvi.

Waingereza wana neno jingine la mizani, "scale", na hilo nalo limetoka kwa watu wa kaskazini ya Ulaya, ambako maana yake ilikuwa bakuli. Kote huko watu walipotafuta jina la kupima, walitazama chombo kinachobeba kitu. Sisi tulipita njia nyingine. "Mizani" tumeipata kwenye Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya uzito, ule ule uliotupa "uzani" na "wizani". Sisi tumetaja uzito, wao wametaja sahani. Mimi naona tofauti hii ina faida kwetu leo, kwa sababu sahani zile mbili zinatukumbusha kwamba kupima ni kazi ya pande mbili.

Hapa nataka nikae kidogo, maana tuko Newala na msimu unakaribia.

Nyote mnaijua kangomba. Mtu anakuja kijijini wakati wa njaa, kabla ghala halijafunguliwa, anapima korosho zako kwa bakuli, anakuhesabia fedha mkononi, anaondoka usiku. Serikali imepiga marufuku, watu wamekamatwa, na bado inarudi, kwa sababu mtoto akiumwa mwezi wa tisa huwezi kumwambia asubiri mnada wa mwezi wa kumi. Siwahukumu waliowahi kuuza hivyo. Lakini itazameni kangomba kwa jicho la lile neno la Kilatini. Bakuli ni sahani moja. Hakuna sahani ya pili ya kulijibu. Hakuna jiwe upande wa pili ambalo mimi na wewe tumekubaliana uzito wake. Mwenye bakuli ndiye mwenye mizani, ndiye mwenye jiwe, ndiye mwenye neno la mwisho. Akilijaza mpaka likafanya kichuguu, kichuguu kile nani anakilipia?

Wazee wetu walikuwa na kibaba na pishi, nazo ni vyombo vya kujaza pia. Vibaba vinne vilifanya pishi moja, na mtaa mzima ulijua hivyo. Mwanamke akienda na kibaba chake sokoni, mwuzaji naye alikuwa na chake, vikalinganishwa. Hapo sahani ya pili ilikuwa ni kule kujua kwa watu wote. Bakuli la mlanguzi halina mwenzake popote.

Na mizani ya siku hizi ya namba za umeme, ile ya ghalani, nayo sahani yake ya pili imefichwa ndani. Huioni. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo hupita kuikagua na kuibandika stika. Mkulima, kabla gunia lako halijapanda, una haki ya kusimama pale na kuitazama isome sifuri. Hiyo sifuri ndiyo ule mti wa katikati ukiwa umelala sawa. Ikiwa inasoma namba nyingine na juu yake hakuna kitu, sema kwa sauti, na karani mwema hatakasirika.

Vitabu vya dini vimelisema jambo hili kabla yangu. Waislamu wenzangu mnaijua sura inayoanza kwa kuwaonya wapunjao, wale ambao wakijipimia wanataka kamili na wakiwapimia wengine wanapunguza. Wakristo mnakumbuka maandishi yaliyotokea ukutani mbele ya mfalme katika kitabu cha Danieli: "Umepimwa katika mizani nawe umeonekana kuwa umepunguka." Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611, pale penye mizani, imeandika "balances". Kwa hiyo miaka mia nne iliyopita Mwingereza akilisikia neno hili, picha iliyomjia ni sahani zinazoning'inia.

Sasa lilihamaje kutoka kwenye sahani mpaka kwenye fedha? Hapa ndipo nilipokosea kwa mjomba, basi nisikilizeni vizuri, na makarani hasa.

Wafanyabiashara wa miji ya Italia, zaidi ya miaka mia tano iliyopita, walikuwa na namna ya kuandika hesabu katika safu mbili. Mwaka 1494, mtawa mmoja mwalimu wa hesabu, Luca Pacioli, alichapisha kitabu mjini Venice ambacho ndani yake alieleza namna hiyo ya wafanyabiashara, nayo ikaenea Ulaya na baadaye duniani kote. Kila karani aliyesoma hesabu za biashara anaitumia mpaka leo. Ukurasa unagawanywa kati. Kushoto unaandika upande mmoja wa mambo, kulia upande wa pili. Safu mbili, kama sahani mbili. Mwisho wa kipindi unajumlisha kila upande. Mara nyingi haziwi sawa, upande mmoja umezidi. Basi unachukua ile tofauti na kuiandika upande uliopungua, ili jumla zilingane na kitabu kilale sawa kama mti wa mizani. Ile namba unayoiongeza ili sahani zisawazike ndiyo Waingereza waliyoiita "balance".

Mmeiona? Namba ile ni kama jiwe dogo linalowekwa kwenye sahani nyepesi. Jiwe lenyewe halisemi liko sahani ipi.

Niwape mfano wa kubuni tu, wa watu wawili. Wa kwanza kapeleka kilo 300, bei tuseme shilingi 2,500, hizo ni 750,000. Alikuwa na mkopo wa 200,000, umekatwa. Kalipwa malipo ya kwanza 400,000. Jumla ya alichopata na alichokatwa ni 600,000. Ili pande mbili zilingane inatakiwa 150,000. Karani anaandika "balance 150,000". Hizo ni fedha za mkulima, anazidai. Wa pili naye kapeleka kilo 300 zile zile, 750,000 zile zile. Lakini mkopo wake ulikuwa 600,000, na katikati ya msimu aliomba akapewa 250,000. Jumla 850,000. Ili pande zilingane inatakiwa 100,000. Karani yule yule, kwa kalamu ile ile, anaandika "balance 100,000". Hilo ni deni. Wakulima wawili wanatoka mlango mmoja na neno moja mkononi. Mmoja anakwenda kununua mabati. Mwingine pia anakwenda kununua mabati.

Mtaniambia, basi tuandike Kiswahili, tuandike "salio", yaishe. Ndugu zangu, haliishi. "Salio" limetoka kwenye kusalia, yaani kubaki. Kinachobaki kinaweza kuwa fedha, kinaweza kuwa deni. Simu ikikuandikia kwamba salio lako ni shilingi elfu kumi, hizo ni zako. Ukikopa kwa simu ile ile, wakakuandikia salio la mkopo wako ni shilingi elfu kumi, hizo unadaiwa. Kwenye taarifa za halmashauri mtasikia "bakaa", nalo ni lile lile la kubaki. Na "baki" la mtaani, na "chenji" iliyobaki dukani kwa sababu mwenye duka hana sarafu. Yote haya yanasema kuna kitu hakijamalizika. Hakuna hata moja linalosema kimeegemea kwa nani.

Ninachokiomba kwa viongozi wa vyama, na ndiyo sababu hasa ya kusimama hapa, ni kwamba kwenye kila karatasi anayopewa mkulima, mbele ya ile namba ya mwisho, liandikwe tendo lenye mtu ndani yake: UNADAI au UNADAIWA. Kiswahili kina utajiri huu ambao Kiingereza hakina kwa wepesi hivyo. Herufi mbili tu tunapachika mwishoni, na mtu asiyekwenda shule hata siku moja anajua aende kucheka au aende kujipanga. "Unadai shilingi 150,000." "Unadaiwa shilingi 100,000." Mjomba wangu angeyasoma hayo mwenyewe. Alikuwa anajua kusoma. Hakuwa anajua Kiingereza, basi.

Karatasi za benki nazo niziseme, kwa kuwa tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani wa kuweka korosho ghalani na kupewa stakabadhi mpaka ziuzwe mnadani, uanze mwaka 2007, mkulima wa huku ameingia benki atake asitake, na fedha zake leo zinapitia akaunti. Kwenye taarifa ya akaunti, pembeni ya namba ya "balance", mara nyingine mtaona herufi CR au DR. Watu wengi wanaziruka. CR kwenye akaunti yako ya akiba maana yake benki inakudai wewe? Hapana. Maana yake benki ndiyo inayodaiwa nawe, fedha zako ziko kwao. DR maana yake umechukua kupita ulichokuwa nacho, wewe ndiye mdaiwa. Inawachanganya hata waliosoma, kwa sababu kitabu kile ni cha benki, kimeandikwa kutoka upande wa benki. Ukikaa upande mwingine wa meza, kulia kwake ni kushoto kwako. Usione haya kumwuliza yule binti wa dirishani: "Mwanangu, hizi ni zangu au ninadaiwa?" Ukimwuliza hivyo hawezi kukujibu kwa neno moja kama nilivyofanya mimi.

Sasa niende upesi kwenye matumizi mengine, kwani neno hili halikuishia kwenye fedha.

Limehamia kwenye mwili. Mwingereza akijikwaa akataka kuanguka, husema amepoteza "balance". Ndani ya sikio lako kuna mifereji midogo yenye majimaji inayouambia ubongo kichwa kimeinamia wapi. Ikipata ugonjwa, unaona nyumba inazunguka. Lakini kwa mfano mzuri zaidi wa jambo hili sina haja ya kwenda hospitali. Mama zetu wa uwanda huu wa juu wa Makonde, ambao maji yako chini kabisa, walipanda milima kwa vizazi na vizazi wakiwa na ndoo kichwani, chini yake kata ya kitambaa, mkono mmoja umeshika mtoto na mwingine haushiki chochote. Kiingereza kinatumia neno hili hili kwa kitendo hicho, "to balance". Sisi tunasema "kujitwika", na neno letu limebeba mzigo lakini halikubeba ule ustadi wa shingo. Nimetafuta kitenzi cha Kiswahili chenye ustadi ule ndani yake, sijaridhika na nilichopata. Wacheza ngoma wetu wanaotembea juu ya miti mirefu, vinyago usoni, wanaujua ustadi huo, na wachongaji wa Kimakonde wanaochonga watu kumi juu ya mabega ya mmoja kutoka gogo moja la mpingo wanaujua, na kigogo kinasimama mezani hakianguki. Kama kuna mzee hapa mwenye neno la Kimakonde, la Kiyao au la Kimwera kwa hilo, anipe nililete kwa wenzangu walimu.

Baharini nako lipo. Manahodha wa Mikindani na Kilwa wanajua kwamba chombo kisicho na shehena hakiendi hivi hivi. Hutiwa farumi, mawe au mchanga chini, kisije kikapinduka kwa upepo. Msidhani kwamba neno la Kiingereza la farumi ni ndugu wa "balance" kwa vile yanafanana masikioni. Hayana ujamaa. Nimewahi kuwasikia walimu wakiwafundisha watoto hivyo, na si kweli.

Kwa fundi wa magari mtasikia "wili balansi", na vijana wamelipa viambishi vyetu kabisa: kubalansi matairi, kubalansi hesabu, kubalansi habari kwa waandishi wanaotafuta upande wa pili wa stori. Mimi sina ugomvi nalo. Kiswahili kimekula maneno ya Kiarabu, ya Kireno na ya Kihindi kikanawiri, hili halitakiua. Kwa wanafunzi wa kemia, mnaambiwa mbalansi mlinganyo, chembe za kushoto ziwe sawa na za kulia. Molekuli mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni hutoa molekuli mbili za maji, na mkihesabu chembe kila upande mnakuta haidrojeni nne na oksijeni mbili. Mwanafunzi akielewa sahani mbili, hatasahau kwamba ukiongeza huku lazima uhesabu kule.

Hospitali ya wajawazito wanawaambia juu ya "balanced diet". Hapa watafsiri wetu walifanya kazi njema sana, na ningependa kumjua aliyesema kwanza "mlo kamili". Angeweza kusema mlo sawa, na mama zetu wangedhani ugali uwe kiasi kile kile cha samaki, na mboga kiasi kile kile cha mafuta. Yeye aliliacha neno, akafuata maana. Sahani ya ming'oko na samaki, na mboga za majani, na embe pembeni, inaeleweka kuwa imekamilika, hata kama hakuna aliyeipima.

Mahakamani nako lipo, na jambo hili linawahusu wengi wenu mnaogombania mipaka ya mashamba. Mizani ya sahani mbili ndiyo alama ya haki duniani kote. Katika kesi ya jinai, upande wa mashtaka unatakiwa uthibitishe mpaka isibaki shaka ya maana. Katika kesi ya madai, kama shamba au deni, sheria yetu inatumia kipimo ambacho kwa Kiingereza kinaitwa "balance of probabilities". Hakimu anauliza ni maelezo ya nani yana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli. Sahani yako haihitaji kugonga sakafu. Ikiinama kidogo kuliko ya mwenzako, inatosha. Ndiyo sababu karatasi ndogo, risiti, stakabadhi, jina la jirani aliyekuwepo mkigawana mpaka, vina uzito. Nimeona mtu akipoteza mikorosho ya babu yake kwa kudhani kwamba ukweli wake ulikuwa mkubwa mno hata hauhitaji ushahidi. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama zetu, na tunashukuru. Hata hivyo, kutafsiri kipimo hiki kwa maneno yanayoingia kichwani mwa mtu wa Kitangari au Mahuta ni kazi ambayo bado tunaifanya.

Misemo ya Kiingereza yenye neno hili ni mingi, nitaitaja miwili tu kwa ajili ya wanafunzi. Wakisema jambo liko "in the balance", maana yake limening'inia, halijajulikana litaangukia wapi, kama mechi ya dakika za mwisho. Wakisema "on balance", wamekwisha kupima ya huku na ya kule na sasa wanatoa uamuzi. Ukiyatazama yote mawili unaziona sahani zile zile. Katika wa kwanza bado zinacheza, katika wa pili zimetulia. Wamarekani huenda mbali zaidi, husema "balance" ya siku kwa maana ya sehemu ya siku iliyobaki. Hiyo imetoka kwenye vitabu vya hesabu moja kwa moja, siku imegeuzwa akaunti.

Na kwetu sisi, wataalamu wa uchumi walipotaka neno la "balance" ya nchi na nchi, walichukua "urari": urari wa biashara, urari wa malipo. Ni neno zuri na limekaa sana midomoni mwa malenga kabla ya wachumi, maana shairi la mapokeo hufafanuliwa kwa urari wa vina na mizani. Hapa naomba wanafunzi mnisikilize, kwa kuwa mnafundishwa mizani ya shairi kama kuhesabu vidole. Katika shairi la kawaida, mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, kila kimoja mizani nane, yaani silabi nane. Nane huku, nane kule, na kituo katikati. Ukiutazama mshororo huo, umeona nini? Mti wa katikati na sahani mbili. Mwingereza anaziona sahani sokoni, Mswahili anazisikia pia kwenye wimbo. Shairi likipungua mizani upande mmoja, malenga husema ni guni, na hata mzee asiyejua kusoma anashtuka, kwa sababu sikio lake limepima. Ningependa sikio hilo hilo ambalo wazee wetu wanalo kwenye shairi, walilete kwenye karatasi ya malipo. Mstari wa mwisho ukisomwa na usiseme ni wa nani, sikio lishtuke: hapa pana guni.

Nimesema marefu, na jua limepanda. Mwenyekiti ameniruhusu nitumie ile meza iliyo chini ya mkorosho pale mlangoni, na katibu wa chama atakaa nami. Nimekuja na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. Mwenye karatasi yoyote ya msimu uliopita, ya benki, ya mkopo, ya ghala, aje nayo. Tutaisoma pamoja, na penye neno "balance" nitaandika juu yake kwa Kiswahili, bluu ikiwa unadai, nyekundu ikiwa unadaiwa. Asiye na haraka aanze kupisha wenye watoto. Mimi leo sina mitihani ya kusahihisha.